Kitambaa Kisicho na Hina

Vigelegele vilianza vizuri. Vilipanda ukuta wa nyumba ya Mbarka, vikavuka kichochoro, vikaingia mkahawani, na wanaume waliokuwa wakinywa kahawa ya asubuhi wakatabasamu. Kisha vikakatika. Havikufifia kama vinavyofifia pumzi ikiisha. Vilikatwa katikati, kama uzi kwa mkasi, na baada yake ikaja sauti ya mwanamke mmoja, ndefu, isiyo na neno ndani yake.

Mkaguzi Mondher Ghorbal aliweka kikombe mezani.

"Hiyo si ya furaha," mwenye mkahawa akasema.

Mondher alikuwa ameshasimama. Alivuka kichochoro kwa hatua ndefu lakini bila kukimbia, maana askari akikimbia, mtaa mzima hukimbia nyuma yake.

Ilikuwa Alhamisi. Yosr, binti wa pekee wa Mbarka, alikuwa amewekwa ndani wiki tatu, madirisha yamefungwa, jua halimwoni, kama wanavyowekwa maharusi wote wa kisiwa cha Djerba. Usiku wa tatu wa hina ulikuwa umepita. Asubuhi hiyo wanawake wa mtaa walikuja kutazama rangi imeshika vipi. Walianza kwa mikono, wakaisifu, wakapiga vigelegele. Kisha mmoja wao akainua shela.

Uani wanawake kama kumi walikuwa wamesimama, viganja midomoni. Kamba ya nguo ilikatiza ua mzima, imeanikwa vitambaa vya shashi vya kufungia hina mikononi na miguuni. Vyote vilikuwa na madoa ya rangi ya chungwa. Kimoja, kipana, kilichokunjwa mara mbili juu ya kamba, kilikuwa cheupe. Mondher aliinama kupita chini yake, kikamgusa paji la uso, kibichi, baridi. Akakisukuma kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi, akaendelea.

Yosr alikuwa ameketi kitandani. Mikono yake ilikuwa mizuri kweli, hina imekolea hadi kuwa nyeusi nchani mwa vidole. Uso wake ulikuwa umebabuka. Paji, mashavu, kidevu, vyote vyekundu na vibichi, malengelenge yamepasuka, ngozi imejikunja kama karatasi iliyopitishwa motoni. Hakuwa akilia. Machozi yangemuuma zaidi.

Mondher alikuwa ameona maiti katika kazi yake. Hakuwa amewahi kuona kitu kama hiki, mtu mzima hai, siku tatu kabla ya harusi yake.

"Nani kafanya hivi?" akauliza.

Mbarka alisimama pembeni ya mlango. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, mikono mikubwa ya kazi. Alikuwa ameikunja ndani ya kitambaa cha kichwa kana kwamba anaificha.

"Dalenda," akasema.

"Dalenda yupi?"

"Kwani wako wangapi? Wa saluni. Aliyeachwa na Anouar."

Wanawake wakaguna. Anouar ndiye bwana harusi, mwenye duka huko Paris, na miaka mitatu nyuma alikuwa amemchumbia Dalenda kabla ya kumchumbia Yosr. Jambo hilo lilijulikana hadi kwa paka wa sokoni.

"Alikuja hapa lini?"

"Jumapili. Kaleta chupa kwa mkono wake mwenyewe. Kasema ni zawadi ya kutengeneza ngozi ya mwali."

Mondher akamwinamia msichana. "Ni kweli, mwanangu?"

Yosr alimtazama mama yake kwanza. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Mondher aliuona mtazamo ule. Akauhesabu kuwa ni woga, akageukia chupa. Ilikuwa ndogo, ya kahawia, tupu. Akaitia katika mfuko wa vielelezo.

Nje, Sajini Emna Sassi alikuwa amefika, anahema kwa joto. Alimsikiliza mkuu wake hadi mwisho.

"Tusubiri maabara, afande," akasema.

"Umeuona uso ule?"

"Nimeuona. Ndiyo maana nataka tumpate aliyefanya, siyo tu aliyetajwa."

"Sababu anayo. Chupa ni yake. Kaitoa mwenyewe. Unataka akuandikie barua?"

Emna akafungua daftari lake. Alikuwa na tabia ya kunyamaza ambayo Mondher aliichukia kuliko maneno yake.

*

Walimkamata saa tano kamili, soko limejaa.

Dalenda Chelbi alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja, akimng'oa nywele za miguu kwa sukari iliyopikwa. Aliinua macho akaona sare mlangoni, lakini mikono yake haikusimama.

"Dalenda Chelbi, uko chini ya ulinzi kwa kumjeruhi Yosr kwa asidi."

"Nimalizie mguu huu kwanza."

"Simama."

"Mkaguzi, mguu mmoja una nywele na mmoja hauna. Huyu mama atarudije kwa mumewe?"

Mteja alicheka, akaona pingu, akaacha. Dalenda naye aliziona. Uso wake ukafifia taratibu, kama taa inayopunguzwa.

Gari halikuweza kuingia katika vichochoro vya soko, kwa hiyo Mondher alimtembeza kwa miguu. Wakapita kwa mwuza viungo, kwa wafua fedha, mbele ya banda la samaki. Habari ilikuwa imeshawatangulia. Bibi mmoja aliyewahi kutengenezewa nywele na Dalenda alitema mate chini. Mwuza mizeituni akasema kwa sauti, "Na mimi mke wangu huenda kwake." Dalenda alitembea akitazama mbele. Mondher alimshika kiwiko, na akajihisi mtu anayefanya kazi yake.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na feni isiyozunguka.

"Ulimpa nini Yosr?"

"Asidi ya glikoliki. Asilimia kumi."

"Asidi."

"Usiitamke kama bunduki. Siki ni asidi. Ndimu ni asidi. Hii asili yake ni miwa."

"Inafanya nini?"

"Inalegeza ngozi iliyokufa, iondoke, ya chini ionekane. Polepole. Haimfanyi mtu mweupe. Hilo nilimwambia mama yake mara tatu."

"Ulimwelekeza aitumieje?"

"Mara mbili kwa wiki. Jioni. Uso uoshwe, ukauke kabisa. Matone machache kwenye pamba, mbali na macho na midomo. Ikiwasha kidogo, sawa. Ikichoma, maji, basi. Juu yake krimu. Asubuhi mafuta ya kukinga jua, hata kama yuko ndani."

"Ulimwandikia?"

"Mbarka hasomi. Nilimwambia kwa mdomo, akawa anaitikia huku anatazama chupa."

"Ulikuwa mchumba wa Anouar."

"Kisiwa kizima kinajua."

"Akakuacha."

"Mama yake alimwachisha. Alisema mkono unaonyoa miguu ya wake za watu hautakanda mkate wa mwanawe."

"Ukakasirika."

"Nililia wiki mbili. Kisha nikanunua kiti cha pili cha saluni."

"Kwa nini umpelekee zawadi msichana aliyechukua nafasi yako?"

Dalenda aliinua macho akaitazama feni.

"Yosr amekuwa mteja wangu tangu yuko sekondari. Siku alipochumbiwa aliacha kuja. Aliona haya. Nikasema, niende mimi, ili aone sina kinyongo." Akacheka kidogo, bila furaha. "Unaona nilivyo na akili."

"Saluni kwako tumekuta chupa nyingine. Asilimia sabini. Hiyo inaunguza."

"Inaunguza. Ni ya kazi, dakika tatu usoni, mimi nimesimama na saa mkononi. Kifuniko chake hakijafunguliwa bado. Mmekitazama?"

Mondher hakuwa amekitazama.

"Nani mwingine angemtakia Yosr mabaya?"

"Hilo swali lako, mkaguzi," Dalenda akasema. "Ulitakiwa kuliuliza kabla hujanipitisha sokoni."

*

Ijumaa asubuhi kioo cha saluni kilikutwa kimevunjwa. Mtu alikuwa ameingia akamwaga sukari yote sakafuni, sisimizi wakaja. Mondher alisimama mlangoni akitazama viti viwili vilivyopinduliwa. Akainama, akakisimamisha kimoja.

Saa sita maabara ilipiga simu. Emna ndiye aliyepokea. Alisikiliza, akaandika, akamsogezea mkuu wake karatasi.

Masalio ndani ya chupa: asidi ya glikoliki, asilimia kumi. Hakuna kingine. Chupa ya asilimia sabini: kifuniko hakijavunjwa.

"Basi kachanganya nyingine kali, akaimwaga, akabakiza nyepesi," Mondher akasema.

"Afande."

"Nini?"

"Unayasikia unayosema?"

Aliyasikia. Mwendesha mashtaka alikuwa akitaka jalada Jumamosi saa kumi jioni, limefungwa, lina jina. Jina lilikuwepo. Dalenda akishtakiwa kwa kujeruhi kwa makusudi, angefungwa miaka, na hata akishinda kesi hakuna mwanamke wa mji wa Houmt Souk angempa tena uso wake autengeneze.

Jioni hiyo alikwenda nyumbani mapema. Mkewe Rim alikuwa bafuni, mlango wazi, nywele amezifunga juu. Mondher alisimama akimtazama katika kioo, na macho yake yakaangukia rafu.

Chupa ndogo, ya kahawia.

"Rim. Hiyo umeitoa wapi?"

"Ipi? Hii? Kwa Dalenda." Akamgeukia. "Kwa yule uliyemtia pingu. Sikutaka kukuambia kabla hujala."

"Unapaka usoni?"

"Mume wangu unalala pembeni ya uso huu kila usiku, hujui unapakwa nini? Tangu mimba ya mwanetu Skander nina madoa, na wewe ulidhani yameondoka kwa upendo wako."

Hakucheka. "Nionyeshe."

Rim alimtazama, akaona si mchezo. Aliosha uso, akaukausha kwa taulo, akasubiri kidogo. Akatia matone manne kwenye pamba. Akapitisha pajini, mashavuni, kidevuni, akikwepa macho.

"Inawasha?"

"Kama mchanga wa upepo. Dakika moja. Kisha naweka krimu, nalala. Kesho sigusi. Siku ya kwanza nilijaribu kuzidisha, nikawa mwekundu siku mbili. Dalenda alinigombeza kama mama mkwe."

Mondher alichukua chupa akaiinua kwenye taa. Ilikuwa imezidi nusu.

"Umeinunua lini?"

"Mwezi wa nne huu naitumia."

Alikaa juu ya ukingo wa beseni la kuogea. Chupa ileile. Rim miezi minne na bado imezidi nusu. Yosr siku nne, na tupu kabisa.

"Imekwenda wapi yote?" akasema, zaidi kwa nafsi yake.

"Nini?"

Akairudisha chupa rafuni. Akilini alimwona Dalenda akitazama mbele, na bibi akitema mate, na mkono wake mwenyewe juu ya kiwiko cha mtu. Chakula kilipotengwa hakukigusa.

*

Jumamosi asubuhi hospitalini, Daktari Kmar, mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, alimpeleka Mondher hadi kitanda cha Yosr. Mbarka alikuwa ameketi kando ya mto, ameshika mkono wa binti yake wenye hina. Mondher alimwomba atoke kidogo. Aliondoka akitazama nyuma.

Daktari aliinua bandeji kwa kibano.

"Asidi ikirushwa hutiririka," akasema kwa sauti ya chini. "Huchora michirizi, hushuka shingoni, huingia machoni. Hapa hakuna mchirizi hata mmoja. Tazama mpaka. Unaanzia chini ya nywele, umenyooka, unaishia chini ya taya, umenyooka. Kuzunguka macho, safi. Kuzunguka midomo, safi. Duara, duara, duara."

"Na hivi vidoa shavuni?"

"Hivyo ndivyo vilivyoninyima usingizi. Sogea."

Alisogea. Shavuni, palipokuwa hapajababuka sana, ngozi ilikuwa na alama ndogo za mraba, mamia, zimepangwa kama wavu.

"Kilichomuunguza hakikuwa kikali," daktari akasema. "Kilikaa muda mrefu. Saa nyingi. Na kilifunikwa na kitu kilichofumwa. Si mara moja tu. Hapa kuna ngozi iliyoanza kupona ikaunguzwa tena."

Mkono wa Mondher ulipanda wenyewe hadi kwenye paji la uso wake. Aligusa pale palipoguswa Alhamisi na kitu kibichi, baridi.

Vitambaa vya hina vyote vilikuwa na rangi. Kimoja hakikuwa nayo. Na yeye alikisukuma kando kama nzi.

"Emna," akasema. "Hati ya upekuzi. Sasa hivi."

Nyumba ya Mbarka ilikuwa kimya. Majirani waliwafungulia. Vitambaa vilikuwa vimeanuliwa, vimekunjwa, vimepangwa ndani ya kikapu cha makuti ya mtende, maana katika nyumba ile hakikutupwa kitu. Emna aliinua kimojakimoja. Rangi ya chungwa. Rangi ya chungwa. Rangi ya chungwa.

Cha sita kilikuwa cheupe. Akakikunjua na kukinyoosha hewani kwa mikono miwili.

Kilikuwa na matundu matatu. Mawili juu, moja chini.

Emna alikishikilia hivyo kitambo, na kitambaa kikawatazama.

"Hina," Mondher akasema polepole. "Dada zangu walifungwa hivi. Mama alipaka, akafunga kwa shashi, akasema lala nayo, ikikaa sana ndiyo inashika sana."

"Mbarka akafanya hivyohivyo kwa dawa ya chupa."

"Usiku tatu."

"Afande," Emna akasema, na safari hii sauti yake haikuwa na ukali, "chukua kikapu. Mimi nitaendesha."

*

Hospitalini, Mondher aliweka kitambaa juu ya shuka, miguuni mwa Yosr.

Mbarka alikitazama. Alitazama dirisha. Alirudi kukitazama.

"Hicho cha kuchujia jibini," akasema.

"Matundu ya nini, Bi Mbarka?"

"Kimechakaa."

"Yamekatwa kwa mkasi."

"Sijui. Nyumba ina wanawake wengi wiki hii."

"Chupa ya miezi minane imekwisha kwa siku nne. Iliingia wapi?"

"Muulize aliyeileta."

"Nimemuuliza. Alikwambia matone machache, mara mbili kwa wiki."

"Anasema hivyo sasa."

"Bi Mbarka, jioni hii saa kumi nampeleka mtu kwa mwendesha mashtaka. Nitie jina gani kwenye karatasi?"

Mbarka aliinamisha kichwa. Mikono yake mikubwa ilianza kujikunja tena ndani ya kitambaa cha kichwa.

"Mama," Yosr akasema.

Midomo yake ilisogea kidogo sana, ili ngozi isipasuke. Ilikuwa mara ya kwanza Mondher kusikia sauti yake.

"Mama, mwambie."

"Wewe nyamaza, utajiumiza."

"Nimeshaungua kwa ajili ya mama yake Anouar. Sitamfunga Dalenda kwa ajili yake pia."

Mwanamke yule mrefu alikunjika. Hakuanguka, alikaa tu, ghafla, kana kwamba mtu amemwondolea mifupa. Emna akatoa daftari.

"Beya, mama yake Anouar, alisema," Mbarka akaanza. "Siku ya uchumba, mbele ya wanawake wote, anatafuna lozi. Kamshika Yosr kidevu, kamgeuza huku na huku kama tikiti. Kasema, mzuri, ila Jumapili akifunuliwa shela kuonyeshwa watu tuwashe taa mbili. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka. Ningefanyaje?"

"Endelea."

"Mimi mwenyewe siku ya kuonyeshwa kwangu, shela ilipoinuliwa, mtu mmoja nyuma alisema, mmetuletea chungu cha kupikia. Miaka thelathini. Bado nalisikia nikisuka mkeka. Nikasema, huyu hataambiwa."

"Kwa hiyo ukaagiza dawa."

"Sikuagiza. Yule alikuja nayo mwenyewe. Anasema kidogo, kidogo, mara mbili kwa wiki, haimfanyi mweupe. Nikamtazama. Nikajiambia, huyu aliachwa kwa ajili ya binti yangu. Kwa nini aniambie kidogo? Ananipimia. Anataka mwanangu ang'ae nusu." Akaikunjua mikono yake. "Kitu kizuri hukaa. Hina hukaa. Tope la kuoshea nywele hukaa. Nikaloweka shashi, nikamfunga, nikamwambia lala."

"Alilalamika?"

"Nilimwambia inauma," Yosr akasema.

"Aliniambia inauma," Mbarka akakubali. "Nikamwambia urembo unauma, mwanangu, vumilia. Asubuhi ya kwanza alikuwa mwekundu. Nikaona, inafanya kazi. Ya pili ngozi ikaanza kutoka. Nikaona, hiyo nyeusi ndiyo inayotoka. Usiku wa tatu nikamalizia chupa. Alfajiri nikafungua."

Alinyoosha shuka la Yosr kwa kiganja. Kalamu ya Emna ikasubiri.

"Nilifua kitambaa kwanza," Mbarka akasema. "Andika hivyo. Kabla sijamwita daktari, kabla sijamgusa, nilifua kitambaa nikaanika. Nikamfunika shela, nikawa nafikiri niwaambie nini watu, nao wakawa wameshafika, wanapiga vigelegele. Ukaja wewe ukaniuliza nani. Lile jina sikulitafuta. Lilikuwa limekaa mdomoni."

"Na baadaye? Siku mbili umeliacha humo?"

"Beya alinipigia. Analia. Kasema, kama ni yule aliyeachwa na mwanangu, basi deni ni letu, Anouar atamwoa hivyohivyo." Akamtazama Mondher kwa mara ya kwanza. "Umeelewa? Akiwa ameunguzwa na Dalenda, wanamchukua. Akiwa ameunguzwa na mimi, wanatucheka. Nilifikiri, mmoja ameshaharibika, bora mwingine aharibike, wangu aolewe. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Sikulala, lakini ndivyo nilivyofikiri."

Mkono wa Yosr, wenye hina nyeusi vidoleni, ulitambaa juu ya shuka ukamtafuta mama yake. Ukamshika. Mbarka aliutazama mkono ule kana kwamba hastahili kupewa, kisha ndipo akalia.

Mondher alipaswa kumsomea makosa yake: kutoa taarifa ya uongo, kuficha ushahidi, kujeruhi kwa uzembe. Aliyasoma. Alipofika kwenye neno uzembe, ulimi wake ulikuwa mzito, maana alijua ni neno linalowatosha watu wawili katika chumba kile.

*

Saa nane na robo mchana alifungua mlango wa mahabusu.

Joto lilikuwa limeulaza mji. Maduka yamefungwa, watu wamejitupa vyumbani, hata mbwa wamepotea. Mondher alikuwa ameshika mkoba wa Dalenda, mkanda wake na simu yake. Gari la kituo lilikuwa nyuma, injini inawaka.

"Umeachiwa," akasema. "Mbarka amekiri. Ilikuwa shashi, kama ya hina, usiku tatu. Wewe huna kosa."

Dalenda alikuwa ameketi kwenye benchi. Siku mbili zilikuwa zimemchimba macho.

"Usiku tatu," akarudia. Akafunika mdomo. "Maskini Yosr. Ngozi itarudi, lakini taratibu sana. Wasimpake kitu chochote, waambie. Asione jua mwaka mzima. Waambie leo."

"Nitawaambia."

"Mbarka yuko wapi?"

"Chumba cha pili."

Dalenda aliutazama ukuta ulioelekea huko. Mondher alisubiri tusi. Halikuja.

"Nilimwona haniamini," akasema. "Nilikuwa naongea, nikaona haniamini. Nilipaswa kurudi Jumatatu. Nilikuwa na wateja."

Alipangusa macho kwa kiganja. Kisha akauliza, "Saa ngapi sasa?"

"Saa nane na robo."

"Nje kuna nani?"

"Hakuna mtu. Gari liko nyuma, nitakufikisha mlangoni, hakuna atakayekuona."

Alijua kosa lake kabla hajamaliza sentensi.

Dalenda alimtazama. Kisha akavua viatu, akavipanga chini ya benchi, akajinyoosha, akaweka mkono chini ya kichwa.

"Unafanya nini?"

"Mji umelala, na mimi nalala."

"Bi Dalenda, uko huru."

"Ulinichukua saa tano, soko limejaa, kwa miguu. Leo unanirudisha watu wamelala, kwa gari, mlango wa nyuma. Mimi ni mbuzi wa wizi?" Alifumba macho. "Nitatoka watakapoamka. Usipotaka, nifunge tena, umezoea."

Emna, aliyekuwa akiandika mezani, aliinamisha kichwa sana juu ya karatasi yake.

Mondher alisimama na mkoba wa mwanamke mkononi. Alifikiria njia ile: mwuza viungo, wafua fedha, banda la samaki. Alifikiria wakubwa wake, na watu watakavyocheka mkahawani. Akahisi joto likimpanda kutoka shingoni hadi pale pajini alipoguswa na kitambaa. Akaenda nyuma, akazima injini ya gari, akarudi. Akavuta kiti, akakaa karibu na benchi.

"Saa kumi na moja na nusu," akasema.

Dalenda alifumbua jicho moja.

"Saa kumi na moja na nusu soko likijaa, tutatoka mlango wa mbele, kwa miguu, njia ileile. Mkoba wako nitaubeba mimi."

"Na pingu?"

"Ukitaka nizivae, nitazivaa."

"Usinichekeshe, nina njaa." Lakini jicho halikufumba. "Halafu? Tutembee tu kama watu wanaokwenda kununua samaki?"

"Nitasimama kila mahali nilipopita na wewe Alhamisi. Kwa mwuza mizeituni nitasimama. Kwa yule bibi nitabisha hodi. Nitawaambia wewe ulisema kweli tangu neno la kwanza, na mimi sikusikiliza."

"Kwa sauti?"

Mondher alitundika mkoba begani. Ukutani saa ilikuwa ikigonga, na upande wa pili wa ukuta mwanamke alikuwa akilia polepole.

"Kwa sauti, Dalenda. Nakuahidi. Na kabla sijalitaja jina lako, nitalitaja langu."